Ni Lile Lile au ni Lingine? Kesi ya Bentley Iliyoshinda Le Mans

Mwezi Julai 1990, jaji wa Mahakama Kuu jijini London alitoa hukumu juu ya swali ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: kitu kikibadilishwa kipande kimoja kimoja, mpaka karibu chote kikawa kingine, bado ni kile kile? Wanafalsafa wamelizungusha swali hili tangu enzi za Wagiriki, na hawakuwa na haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwadai hela. Jaji Philip Otton hakuwa na nafasi hiyo. Mbele yake kulikuwa na muuzaji, mnunuzi, gari moja la mbio, na pauni milioni 10.

Mimi si mtu wa magari. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kumuuliza mtu: umejuaje? Ndiyo maana kesi hii ilinishika. Kwa juu juu ni ugomvi wa matajiri na midoli yao. Ukiisoma kwa utulivu unakuta watu wazima, wenye viapo na vielelezo, wanabishana kuhusu namna tunavyoijua historia ya kitu chochote.

Tuanze na gari lenyewe.

Ni Bentley ya aina ya Speed Six, yenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita sita na nusu. Waingereza waliipa jina la Old Number One, yaani Namba Moja Kongwe. Mwaka 1929 ilishinda mbio za saa 24 za Le mans, Ufaransa, ikiendeshwa kwa zamu na Woolf Barnato na Tim Birkin. Siku hiyo magari ya Bentley yalishika nafasi nne za mwanzo. Mwaka uliofuata ikashinda tena, safari hii Barnato akiwa na Glen Kidston. Magari yaliyowahi kushinda Le Mans mara mbili, yakiwa gari lile lile, ni machache mno.

Barnato hakuwa dereva wa kuajiriwa. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bentley na ndiye aliyekuwa akiimwagia fedha. Baba yake, Barney Barnato, alikuwa ametajirika kwa almasi za Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo ushindi ule wa Ufaransa ulilipiwa kwa sehemu na utajiri uliotoka kwenye ardhi ya Afrika. Alishiriki Le Mans mara tatu, 1928, 1929 na 1930, na mara zote tatu akashinda. Hata hivyo utajiri huo haukutosha kuiokoa kampuni. Mwaka 1931 Bentley ilifilisika na kununuliwa na Rolls-Royce.

Gari likaendelea kukimbia. Septemba 1932 lilikuwa Brooklands, uwanja wa mbio uliokuwa Surrey, kusini mwa Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1907 na wenye kona za zege zilizoinuka kama ukuta. Mbio zilikuwa za maili 500. Kufikia wakati huo gari lilikuwa limefungwa chesisi nyingine na injini kubwa zaidi, ya lita 8. Kwenye usukani alikuwa kijana anayeitwa Clive Dunfee. Akiwa juu kabisa ya kona, gari liliruka ukingo likaangukia upande wa pili, na Dunfee akafa. Mabaki yakaokotwa. Gari likajengwa upya, safari hii likiwa la barabarani, la watu wawili, lenye paa, kwa ajili ya Barnato.

Miaka karibu sitini baadaye, gari lililotokana na mlolongo huo lilikuwa mikononi mwa Edward Hubbard. Aprili 1990 alikubaliana kuliuza kwa kampuni ya Middlebridge Scimitar kwa pauni milioni 10. Bei za magari ya kale zilikuwa zimepanda kama moshi miaka hiyo. Kisha mnunuzi akasita. Akasema: hili silo gari tuliloambiwa. Hii si Old Number One. Hubbard akaenda mahakamani kutaka mkataba utekelezwe.

Sasa, unathibitishaje?

Hapa kwetu, anayenunua gari mkononi kwa mtu huanza na kadi. Anafungua boneti, anatafuta namba ya chesisi na namba ya injini, anazilinganisha na zilizoandikwa kwenye kadi. Zikilingana anapumua, zisipolingana anaondoka, au anashusha bei. Injini ikibadilishwa, kadi nayo inapaswa kurekebishwa. Mfumo huu unatosha kwa gari la kwenda kazini kwa sababu tunachotaka kujua ni kitu kidogo tu: je, gari hili ni la wizi?

Kwa gari la mbio la zamani swali ni pana zaidi, na wanaolichunguza wanategemea mashahidi wa aina tatu: chuma, karatasi na picha. Kila mmoja anaweza kusema kweli, na kila mmoja anaweza kudanganya.

Chuma ndicho shahidi anayeaminika kwa haraka. Namba hugongwa kwenye fremu, kwenye injini, kwenye kasha la giaboksi, kwenye ekseli. Mtu akitaka kughushi husaga namba ya zamani na kugonga mpya juu yake. Lakini chuma kina kumbukumbu. Nyundo inapogonga namba, haichimbi uso wa chuma tu, inakandamiza pia tabaka lililo chini. Ukisaga uso, ule mkandamizo unabaki. Mchunguzi akipaka tindikali sehemu hiyo, chuma kilichokandamizwa hulika kwa namna tofauti na kilicho pembeni yake, na namba iliyofutwa inaweza kujitokeza tena, hafifu kama kivuli. Polisi hutumia mbinu hiyo hiyo kwa bunduki na magari ya wizi.

Shida ya chuma ni kwamba kinajijua chenyewe tu. Fremu inaweza kukuambia namba yake. Haiwezi kukuambia ilikuwa wapi tarehe fulani, wala ilibeba injini gani.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia: madaftari ya kiwanda, kumbukumbu za matengenezo, orodha za washiriki wa mbio, hati za forodha, barua za mauzo. Karatasi zina jina na tarehe, kwa hiyo zinatupa ujasiri. Lakini kila mwandishi wa habari anajua kwamba karatasi huandikwa na mtu mwenye shida zake. Timu za mbio za zamani zilisafiri nchi hadi nchi, na gari lilivuka mpaka kwa hati inayotaja namba yake. Gari lenye hati likiharibika, jirani yake lisilo na hati lingeweza kuvikwa kibati cha mwenzake, safari ikaendelea. Hakuna aliyekuwa akimdanganya mwanahistoria. Walikuwa wanamkwepa afisa wa forodha. Lakini miaka hamsini baadaye, mwanahistoria ndiye anayebaki kukuna kichwa.

Shahidi wa tatu ni picha. Mchunguzi mzuri haangalii dereva wala kombe. Anahesabu ribiti kwenye boneti, anapima nafasi kati ya matundu ya hewa, anatafuta kipande cha bati kilichopindwa na fundi kwa mkono wake siku moja yenye haraka. Magari ya mbio ya wakati ule yalitengenezwa kwa mikono, na mikono hairudii kitu sawasawa mara mbili. Ila picha inaonyesha ngozi tu, na ngozi ya gari la mbio ndiyo inayobadilishwa kwanza.

Mashahidi hawa wanakubaliana mara chache, na hata vyombo vikubwa vinajua hivyo. FIA, shirikisho linalosimamia michezo ya magari duniani, hutoa pasipoti ya kiufundi kwa magari ya kihistoria yanayotaka kushindana. Ajabu ni kwamba pasipoti hiyo inathibitisha tu kuwa gari limejengwa kwa vipimo vya zama zake. Haithibitishi kwamba gari ndilo lile linalosemwa kuwa ndilo.

Turudi mahakamani. Ushahidi ulipochambuliwa, hali ya Old Number One ilionekana mbaya. Kutoka kwenye gari lililoshinda mwaka 1929, karibu hakuna kilichobaki ndani ya gari la Hubbard. Kutoka kwenye umbo la 1930 vilivyotajwa ni mhimili wa pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani tu.  Chesisi na injini zilikuwa za mabadiliko ya 1932. Kwa mtu wa gereji jibu lilikuwa wazi: ukitoa chesisi, injini na bodi, umebakiza nini cha kuitwa gari?

Kama jaji angeamua kwa kupima kilo za chuma, Hubbard angeshindwa asubuhi na mapema.

Lakini Otton aliuliza swali lingine. Aliuliza vipande vile vilibadilishwaje, na lini. Akaona kwamba gari lile lilikimbia misimu minne mfululizo katika daraja la juu, na kila kipande kipya kilipoingia kilikuta gari lililo hai, lenye jina lake na kazi yake, kikamezwa humo. Hakuna siku ambayo gari lilikoma kuwepo kisha likaanzishwa jingine. Tena, hakuna Bentley nyingine, iliyopo au iliyokwisha kuharibika, ambayo ingeweza kusimama na kudai jina hilo. Kwa maoni yake, kilichouzwa Aprili 1990 kilikuwa chuma pamoja na historia na sifa iliyobebwa na chuma hicho. Hubbard akashinda.

Namna alivyoyapima maneno inanivutia mimi kuliko hata matokeo. Alikataa kusema gari lile ni asilia, yaani lilivyotoka kiwandani. Alikataa pia kusema ni mabaki yaliyofufuliwa baada ya kufa, au kwamba ni gari lililoundwa upya kwa kuiga. Akachagua neno ambalo Waingereza hulitumia kwa hati au kauli inayostahili kuaminiwa kwamba inatoka inakosemwa kutoka.

Lugha yetu ya mtaani ina maneno mawili tu kwa shughuli hii: orijino na feki. Simu ni orijino au feki, jezi ni orijino au feki, spea ya Kariakoo ni orijino au feki. Maneno haya yanafanya kazi vizuri kwa kitu kilichotoka kiwandani jana. Yakikutana na kitu kilichoishi, yanakwama. Old Number One si orijino. Wala si feki, maana hakuna aliyekaa chini akaiunda ili kudanganya. Kwa Kiswahili ningechukua neno tunalolitumia kwa watu: nasaba. Gari lile lina nasaba. Unaweza kuhesabu kutoka lilivyo leo kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka alasiri ile ya Juni 1929, bila kuruka kizazi.

Wasomaji wa tenzi mmeshaliona jambo hili. Utenzi wa kale haukutufikia kwa mkono wa mtunzi. Umetufikia kwa nakala ya nakala, kila mnakili akirekebisha mstari, akipotea neno, akiongeza beti. Hatuutupi kwa sababu hiyo. Tunauliza: nani alinakili kutoka kwa nani? Mlolongo ukiwepo, tunasema huu ni utenzi ule.

Yeyote aliyewahi kutazama Safari Rally naye analijua. Gari linaingia kwenye kituo cha huduma likiwa limevunjika, mafundi wanalivamia, giaboksi nzima inatoka na nyingine inaingia kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na gari linaondoka. Hakuna mtazamaji anayesema limekuja gari jipya. Gari la mbio ni chombo cha kazi, na kubadilishwa vipande ndiyo maisha yake. Gari la mbio la miaka ya 1920 ambalo halijabadilishwa chochote huenda ni gari ambalo halikukimbia sana.

Hata hivyo hukumu ya Otton ina mlango mmoja uliobaki wazi, na ulishaonekana zamani. Kisa cha kale, alichokiandika Plutarch, ni cha merikebu ya Theseus: Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kupigilia mpya, mpaka watu wakaanza kubishana kama bado ni merikebu ile. Karne ya 17, Thomas Hobbes akaongeza kitu cha kuudhi. Je, kama mtu angeziokota zile mbao zilizotupwa, moja moja, akaziunga tena kama zilivyokuwa? Sasa zipo merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus?

Kwa wanafalsafa huu ni mchezo wa akili. Kwenye magari ya mbio ni tukio la kweli. Fremu iliyovunjika inatupwa nyuma ya gereji, gari linafungwa fremu mpya na kuendelea. Miongo mitatu inapita, bei zinapanda, mtu anaikuta ile fremu chini ya matairi, anaitengeneza, anaijengea gari. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na wote wawili wanataja namba moja. Otton aliponea hapo kwa sababu Old Number One haikuwa na mpinzani. Angekuwepo, sijui hukumu ingesomekaje.

Viwanda navyo vimeongeza utata. Mwaka 1963 Jaguar ilitenga namba 18 za chesisi kwa toleo jepesi la mbio la E-Type, lakini ikaunda magari 12 tu. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba inaunda yale sita yaliyobaki, kwa namba zile zile zilizokuwa zimekaa kwenye daftari kwa miaka hamsini na moja. Kiwanda ni kile, jina ni lile, namba ni halali kabisa, na Jaguar haikumficha mtu mwaka wa kuundwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo sita lililokutana na mpinzani wa 1963 kwenye kona. Yana kadi safi. Hayana nasaba ya mbio.

Kwa hiyo mimi nasimama na Otton, ila kwa sharti moja ambalo naona linatoka ndani ya hoja yake mwenyewe. Ukisema utambulisho wa gari unakaa kwenye mlolongo wa maisha yake, basi lazima uuchukue mlolongo wote. Mwenye gari la namna hii hupenda kusimulia 1929 na 1930. Vikombe vinauza. Lakini kamba inayoliunganisha gari la leo na ushindi wa Le Mans inapita katikati ya Brooklands. Kama lile si gari lililoshinda, kwa kuwa chesisi na injini zilikuwa zimebadilishwa, basi Dunfee naye alifia kwenye gari jingine, lisilo na jina. Na kama alifia ndani ya Old Number One, basi kifo chake ni sehemu ya kinachouzwa, sawa na vikombe viwili. Huwezi kumkana marehemu na kurithi mali yake.

Hapo ndipo udanganyifu wa biashara hii unapojificha zaidi, kwa uzoefu wangu wa kusoma maelezo ya minada. Wauzaji hawaandiki uongo mkubwa mara nyingi, maana uongo mkubwa unapimwa kwa tindikali. Wanaruka. Sentensi moja inalitaja gari likishinda mwaka fulani, inayofuata inalikuta kwa mkusanyaji miaka kumi na tano baadaye, limetulia, limepakwa rangi. Katikati hakuna kitu. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akizungushia pengo kama hilo kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hapa ulikuwa wapi?

Ndilo swali ambalo ningependa kila mnunuzi aulize kabla ya kuuliza namba. Gari lililobadilishwa injini mara tatu, na kila badiliko likaandikwa na aliyelifanya, tunaweza kulijua. Gari linalong'aa, lenye namba zote zinazolingana na miaka kumi na tano isiyotajwa, tunaweza tu kulitazama. Orodha fupi na ya aibu iliyosomwa London, ya mhimili wa pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani, ilimsaidia Hubbard kuliko alivyodhani mnunuzi, kwa sababu mtu anayekiri kilichopotea ana nafasi nzuri ya kuaminiwa juu ya kilichobaki.